Zikri za Pwani: Kutuliza Moyo kwa Kishindo

Kwa asiyeizoea, zikri ya Qadiria, mojawapo ya twarika za kisufi, haifanani hata kidogo na utulivu. Wanaume husimama safu mbili zinazotazamana, au hupiga duara, khalifa, kiongozi wao, akiwa katikati. Huanza taratibu na La ilaha illa Allah, kila neno likitamkwa likaisha. Khalifa akipiga kofi, mwendo hukazwa. Viwiliwili huinama mbele na kurudi nyuma kwa pamoja, na maneno huanza kupungua: kalima yote hubaki jina la Allah, jina nalo hupunguzwa, mpaka mwisho husikika pumzi tupu, nzito, inayotoka chini ya kifua. Juu ya pumzi hiyo wasomaji wa kasida hupandisha sauti zao. Mara kofi la mwisho, kimya, Fatiha, dua. Chetezo huzungushwa, kisha huja kahawa na halua.

Wenyewe wanasema moyo hushika kutu, na zikri ndiyo msasa wake. Akili ikishughulishwa na jina moja, mawazo mengine hukosa pa kukaa. Pakishakuwa patupu, mahaba ya Mungu na Mtume wake huingia. Si kwamba pwani haikujua njia ya kimya. Masharifu waliotoka Hadhramaut walikuja na twarika yao ya Alawia, na pamoja nayo Ratibu ya Haddad, nyiradi zilizopangwa na Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki 1720. Hiyo husomwa watu wameketi, bila kishindo. Lakini iliyovuta umati ni ile ya kishindo, na sababu zake ni za historia kuliko za ibada peke yake.

Kabla ya miaka ya 1880, elimu ya dini katika miji ya pwani ilikaa zaidi katika nyumba za watu wenye nasaba. Mtumwa aliyesilimu, au mtu wa bara aliyeshuka na msafara wa pembe, alikuwa Mwislamu wa ukingoni: anaswali, lakini hafundishwi sana wala haulizwi neno. Hapo ndipo alipofika Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847. Alikuwa amekwenda Baghdad, kwenye kaburi la Abdul Qadir al-Jilani, ambaye Qadiria imepewa jina lake, akarudi na ijaza. Unguja alipokelewa vizuri na Sultan Barghash, ingawa Sultani mwenyewe alikuwa Ibadhi na mgeni wake Shafii. Uways hakuwa mchoyo wa ijaza. Aliwapa watu ruhusa ya kuongoza zikri bila kuwapekua sana asili zao, nao wakaibeba pwani nzima hadi Tabora, Ujiji na Manyema.

Mwaka 1909 aliuawa huko Biyoley, kusini mwa Somalia. Waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdulle Hassan, ambaye naye alikuwa mtu wa twarika, ya Salihia. Anayedhani kwamba watu wa kutuliza nyoyo hawagombani aisome habari hii mara mbili.

Mfano mzuri wa mtu wa ukingoni aliyeinuliwa na Qadiria uko Bagamoyo. Yahya bin Abdallah alitekwa angali mtoto huko Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa pwani akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Alisoma, akafanya biashara ndogondogo, akapata mashamba ya minazi, akafungua chuo. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia Qadiria, na watu wakamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Maulidi yake ya kila mwaka yaliwavuta wageni kutoka mbali. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walimfanya liwali. Yaani cheo cha mabwana wa zamani kikakaliwa na aliyekuwa mtumwa wa nyumba yao, na wajukuu wa watu wenye nasaba wakaenda kumbusu mkono. Alifariki 1931.

Watawala wa Kijerumani walisikia kitu kingine kabisa katika zile pumzi za usiku. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa vimezimwa juzi tu, ilizuka barua iliyodaiwa kutoka Makka ikionya kwamba Kiyama kimekaribia. Huko Lindi na kwingineko watu walijaa misikitini, na maofisa wakaanza kuzitilia shaka zikri kuwa mafunzo ya uasi. Hofu yao haikuwa ya kijinga moja kwa moja. Kundi la watu wasio na ukoo mmoja, wanaopumua kwa kipimo kimoja na kumtii khalifa wao, ni jambo ambalo serikali yoyote ya kigeni ingelitazama kwa jicho la pembeni.

Wakosoaji wa ndani nao hawakukosekana. Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alilaumiwa kwa kuingiza matari katika maulidi na kwa kuwasomesha watu wa chini. Msikiti wake wa Riyadha ukaja kuwa kivutio kikubwa cha mji. Baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, alizikemea desturi nyingi za aina hii kuwa bidaa.

Wanawake wametajwa kidogo mno katika habari hizi. Dada Masiti wa Barawa alipelekwa Unguja angali kijana, akakaa huko miaka mingi ya dhiki, kisha akarudi kwao na kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Qadiria. Alitunga kwa Chimiini, Kiswahili cha Barawa, ili hata asiyejua Kiarabu apate cha kukariri. Alifariki 1919, na ziara ya kaburi lake ikawa desturi ya mji.

Tukirudi Bagamoyo, baada ya Sheikh Ramiya uongozi wa Qadiria ulishikwa na mtoto wake, Muhammad Ramiya. Katika miaka ya 1950 alijiunga na TANU, chama cha kupigania uhuru, na heshima ya twarika ikakisaidia chama kupata wafuasi mjini humo.