Tangazo Lisipotee: Namna ya Kunufaika na Programu ya Mafaili Iliyomo Ndani ya Simujanja

Mwaka 2024 Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa wananchi wa Ikola, kata iliyopo mwambao wa ziwa hilo katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, tarehe hizo mbili zilikuwa na uzito wa pekee. Mvuvi alipaswa kujua siku ya kutoa nyavu majini na siku ya kurejea ziwani.

Matangazo ya aina hiyo hubandikwa kwenye mbao za matangazo na kusomwa katika mikutano ya hadhara. Siku hizi husambaa pia katika makundi ya WhatsApp yakiwa mafaili ya PDF au picha. Wiki mbili baadaye tangazo huwa limefunikwa na picha za harusi, video na salamu za asubuhi, na mwananchi anayelihitaji hulazimika kuomba atumiwe upya. Makala haya yanaeleza namna ya kulitunza kwa kutumia programu ambayo tayari imo ndani ya simu.

Programu inayohusika

Simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android huja na programu ya kusimamia mafaili. Katika simu za Samsung huitwa My Files, na katika simu nyingine nyingi ni Files by Google, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2017. Simu za iPhone nazo zina programu ya Files. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo, lakini kazi zake za msingi ni zilezile: kuonesha mafaili yaliyomo, kuyatafuta, kuyapanga, kuyahamisha, kuyatuma na kuyafuta. Kazi hizo, isipokuwa kutuma kwa njia ya mtandao, hazihitaji bando.

Mahali faili linapokaa

Faili lililopakuliwa kutoka kwenye tovuti huwekwa katika folda ya vipakuliwa, ambayo katika simu nyingi huandikwa Download. Lililopokelewa kwa WhatsApp hukaa katika folda za programu hiyo. Kwa simu za Android zenye toleo la 11 na kuendelea, folda hizo zimo katika hifadhi ya ndani, chini ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Njia fupi zaidi ni kufungua sehemu ya nyaraka katika programu ya mafaili, ambako nyaraka huoneshwa pamoja bila kujali zilikotoka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba anayefuta mazungumzo ya WhatsApp pamoja na viambatisho vyake hupoteza pia nyaraka zilizokuwamo. Kwa hiyo, waraka muhimu unakiliwe mapema na kuwekwa katika folda nyingine.

Kusoma jina la faili

Faili lililopitia WhatsApp mara nyingi huwa na jina kama IMG-20240514-WA0012.jpg. Tarakimu nane za katikati ni mwaka, mwezi na siku, yaani Mei 14, 2024. Hiyo ni tarehe ambayo faili lilipita katika WhatsApp, wala siyo tarehe ambayo tangazo lilitolewa. Tangazo la miaka miwili iliyopita likitumwa leo huchukua tarehe ya leo. Kabla ya kuchukua hatua yoyote, mwananchi afungue waraka wenyewe na kusoma tarehe, kumbukumbu namba na ofisi iliyoutoa, kisha alinganishe na tangazo lililopo katika tovuti ya taasisi husika au aulize katika ofisi ya kata.

Herufi za mwisho, baada ya nukta, hutambulisha aina ya faili. PDF na DOCX ni nyaraka, na JPG ni picha. Faili linaloishia na APK ni programu inayosubiri kusakinishwa katika simu. Tangazo halihitaji kusakinishwa ili lisomwe. Faili lenye jina la tangazo la ajira, mkopo au ruzuku, lakini linaloishia na APK, lisifunguliwe.

Kupanga na kubadili majina

Mpangilio mwepesi ni kuunda folda moja ya Nyaraka, na ndani yake folda ndogo chache: Matangazo, Vyeti, Risiti na Afya. Bonyeza faili kwa sekunde chache hadi litiwe alama, kisha chagua kunakili au kuhamisha, na ufungue folda unayoikusudia.

Baada ya hapo, badili jina. Jina kama 2024-05-15 Kusitisha uvuvi Ziwa Tanganyika humweleza msomaji yaliyomo kabla hajalifungua. Kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kuna faida ya ziada: mafaili yakipangwa kwa majina hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Neno moja la jina hilo likiandikwa katika kisanduku cha kutafutia, faili hupatikana mara moja.

Utaratibu huu humsaidia hasa mwombaji wa ajira kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, au wa mkopo wa elimu ya juu, anayetakiwa kupakia vyeti katika mfumo wa maombi. Mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Programu ya mafaili huonesha ukubwa huo katika sehemu ya maelezo, hivyo mwombaji atambue mapema kama cheti chake kimezidi kiwango, badala ya kugundua saa za mwisho za kufunga maombi.

Kupunguza mzigo wa simu

Simu ikijaa, hushindwa kupokea waraka mpya. Panga mafaili kwa ukubwa na uanze na video, kwa kuwa video moja huweza kuchukua nafasi ya mamia ya nyaraka. Files by Google huonesha pia mafaili yaliyojirudia. Katika programu hiyo, na pia katika My Files, faili linalopelekwa kwenye tupio hubaki humo kwa siku 30 kabla ya kufutika kabisa. Aliyefuta kwa bahati mbaya aangalie huko kwanza.

Kumpatia mwingine bila intaneti

Simu za Android zinaweza kupeana mafaili kwa Quick Share, inayotumia Bluetooth na Wi-Fi za simu zenyewe zikiwa karibu. Kiongozi wa kikundi cha wavuvi anaweza kuwagawia wenzake tangazo wakiwa mwaloni bila kutumia bando. Mpokeaji hupata faili kamili, lenye kurasa zote, tofauti na picha ya ukurasa mmoja inayoweza kuacha masharti muhimu.

Tahadhari

Nakala za vitambulisho na vyeti zinaweza kuwekwa katika folda salama ya Files by Google, inayofungwa kwa namba ya siri au mchoro. Namba hiyo isisahaulike, kwani bila hiyo mafaili hayo hayafunguki. Nyaraka zilizo kwenye memori kadi zinaweza kusomwa na yeyote atakayeihamishia katika simu nyingine, kwa hiyo kadi isiwe mahali pekee pa kutunzia. Weka nakala ya pili kwenye flashi au katika barua pepe yako, kwa kuwa simu huweza kuibwa, kuharibika au kutumbukia majini.

Anayetunza nakala za vitambulisho vya wenzake, kama katibu wa kikundi, akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Nakala hizo zitumike kwa kazi iliyokusudiwa, na zifutwe, pamoja na zilizo kwenye tupio, kazi hiyo ikikamilika.