Kusaka kompyuta iliyoibwa kwa macho ya umma

Kusaka kompyuta iliyoibwa kwa msaada wa watu wa mtandaoni kunaanza na mashine yenyewe. Mashine hutuma dalili, mwenye mali akazisambaza kwa watu wengi asiowajua, akitumaini kwamba mmoja wao atamtambua aliyeishika, au kwamba polisi watasukumwa kufanya kazi. Njia hii ilivuma hasa mwaka 2011, programu za ufuatiliaji zilipokutana na mitandao ya kijamii.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Oakland, California. Machi 2011, mkazi mmoja aliibiwa MacBook nyumbani kwake. Ndani yake alikuwa ameweka Hidden, programu inayompiga picha kimyakimya yeyote aliye mbele ya kamera na kutuma pia picha za skrini. Punde akawa na mkusanyiko wa picha za mwanamume asiyemjua: hapa amelala, pale anaendesha gari. Polisi walipopelekewa ushahidi huo, walisema hawana watu wa kutosha wa kuufanyia kazi. Mwishoni mwa Mei mwenye mali akazianika picha mtandaoni, habari ikaenea, na muda si muda mtuhumiwa akakamatwa. Aliyemfichua hakuwa msomaji yeyote. Ilikuwa picha ya skrini iliyoonyesha barua pepe yake. Umma haukugundua kitu. Ulipiga kelele tu, na kelele ndiyo iliyokuwa imekosekana.

Mei hiyohiyo, New York, mambo yalikwenda kinyume. Mtu aliyepotelewa na mkoba wenye kompyuta mpakato alikuwa tayari yuko Kanada pale programu ya Prey, iliyobuniwa nchini Chile, ilipomwonyesha mahali ilipo na sura ya aliyeitumia. Akayasimulia hayo kwenye Twitter papo kwa papo. Waliosoma wakafika wenyewe, wakamkabili mtu huyo na mkoba ukarudi. Simulizi tamu, ila hakuna aliyejua kama yule jamaa alikuwa na kisu.

Je, mashine inajuaje ilipo? Anwani ya IP humtaja mtoa huduma ya intaneti, wala haitaji mlango wa nyumba. Jina la mteja hupatikana kwa kawaida kupitia polisi na amri ya mahakama. Ndiyo maana taarifa rasmi kituo cha polisi, iitwayo RB Tanzania au OB Kenya, pamoja na risiti na namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine, hutangulia mbwembwe zote za mtandaoni. Kwa makadirio ya karibu zaidi, kompyuta husikiliza mitandao ya waifai iliyo jirani na kuilinganisha na hifadhidata. Mjini hujibu kwa usahihi wa kuridhisha. Kwenye mitandao michache kosa hukua. Tena mwizi akifuta diski kabla ya kuingia mtandaoni, programu ya kawaida hufutika nayo. Kampuni ya Absolute Software ya Vancouver ilikwepa tatizo hilo kwa kukubaliana na watengenezaji ili kiini cha programu yake kikae kwenye BIOS, nje ya diski.

Tangu mwaka 2019 upo pia umma usiojua kwamba unasaidia. Katika mfumo wa Find My wa Apple, kifaa kisicho na intaneti hutoa ishara ya Bluetooth, simu za wapita njia zikainasa na kumtumia mwenyewe mahali kilipo, kwa siri ambayo hata wenye simu hizo hawaisomi.

Nukta kwenye ramani, hata hivyo, ni kadirio. Agosti 2020, jijini Denver, kijana aliyeporwa simu aliifuatilia kwa mfumo huohuo hadi kwenye nyumba moja, akarudi usiku na wenzake, wakaitia moto. Watu watano wa familia iliyotoka Senegal walikufa, mtoto mchanga akiwemo. Hawakuhusika kabisa na wizi ule. Ilikuwa simu, si kompyuta, lakini nukta ni ileile.

Hata nukta ikiwa sahihi, aliyeishika mashine anaweza kuwa mnunuzi tu. Huko Ohio mwalimu alinunua kwa mwanafunzi, kwa dola 60, kompyuta mpakato iliyokuwa imeibwa katika wilaya moja ya shule. Mchunguzi wa Absolute alinasa mazungumzo yake ya faragha na picha zake za utupu, kisha akazikabidhi kwa polisi. Mwalimu akashtaki. Mwaka 2011 jaji wa shirikisho aliruhusu kesi iendelee, akisema kwamba kuisaka mashine ni jambo moja na kumpeleleza anayeitumia ni jingine. Pande hizo zikamalizana nje ya mahakama.