Pesa Mkononi: Unachopaswa Kujua Ukivuka Taveta Kwenda Holili

Anayetoka Voi kwenda Moshi huvuka mpaka Taveta na kuingia Holili. Pande zote mbili pesa huitwa shilingi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Kiwango: Shilingi 1 ya Kenya ni takriban shilingi 20 za Tanzania, ingawa kiwango hupanda na kushuka. Noti ya 10,000, kubwa kuliko zote Tanzania, ni kama shilingi 500 za Kenya. Angalia kiwango cha siku kabla ya kufika mpakani.

Kubadilisha: Tumia benki au duka la fedha lenye leseni, na udai risiti. Wa barabarani huwa na haraka. Akikupunja sifuri moja, Sh5,000 zako zinazaa 10,000 badala ya 100,000. Hesabu zake kabla ya kuachia zako.

Noti kuukuu: Kenya ilifuta noti ya zamani ya 1,000 mwisho wa Septemba 2019. Tanzania iliondoa noti za 1985 hadi 2003 mapema mwaka 2025. Siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, kagua chenji kabla hujaondoka kwa muuzaji.

Malipo: Tangu Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisha za nauli na chakula mapema.

Kiasi kikubwa: Pesa taslimu zikifika thamani ya dola 10,000 za Marekani, zitangaze kwa maafisa wa forodha. Ukizificha, zinaweza kushikiliwa.