Ncha Inayosoma Sumaku: Historia ya Ufundi wa Kuiandaa na Kuijaribu

Historia ya hadubini ya kupenya husimuliwa kwa kawaida kupitia picha zake, ilhali walioitumia wamejua tangu mwanzo kwamba picha ni nzuri au mbaya kadiri ya ncha iliyoichora. Hadubini hiyo, iliyobuniwa mwaka 1981 na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich, haina lenzi. Ina sindano ya metali inayopitishwa juu ya sampuli pasipo kuigusa, kwa umbali usiofika nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na katika umbali huo elektroni huruka mwanya ambao kwa kanuni za kawaida za umeme zisingeuvuka, tendo ambalo wanafizikia huliita kupenya. Mwanya ukipanuka kwa nanomita 0.1 tu, mkondo hupungua takriban mara kumi, na ndiyo sababu karibu mkondo wote hupita katika atomi moja iliyojitokeza mbele ya nyingine.

Kila elektroni, mbali na chaji yake, ina spini, sifa inayoifanya iwe mithili ya sumaku ndogo mno. Mwaka 1975, huko Rennes, Ufaransa, Michel Jullière alikuwa ametenganisha chuma na kobalti kwa utando wa gerimani, akaonyesha kwamba mkondo wa kupenya hubadilika kulingana na iwapo sumaku za metali hizo zinaelekea upande mmoja au zinakinzana. Kuifanya mojawapo ya metali hizo kuwa ncha lilikuwa jambo jepesi kulitamka, lakini lilichukua miaka 15. Mwaka 1990 Roland Wiesendanger na wenzake walitumia ncha ya kromi dayoksaidi juu ya fuwele ya kromi, ambayo uso wake hufanana na ngazi: sumaku za sakafu moja huelekea upande mmoja, na za sakafu inayofuata, chini kwa kimo cha atomi moja, huelekea upande wa pili. Ncha ya wolframi, isiyo na usumaku, ilionyesha vidato vyenye kimo kimoja. Ncha yenye usumaku ilionyesha vidato vinavyopishana, kimoja nanomita 0.16 na kinachofuata 0.12, ilhali kimo halisi ni 0.144. Ngazi yenyewe haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni wepesi wa elektroni kupenya.

Njia iliyoenea baadaye, hasa kutokana na kazi za watafiti wa Hamburg, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ya kuipaka ncha ya wolframi utando wa metali yenye usumaku. Waya wa wolframi huning'inizwa katika myeyusho wa sodiamu haidroksaidi, magadi makali yale yale ya kutengenezea sabuni, na umeme unapopitishwa waya huliwa taratibu kiunoni, ukakonda mpaka kipande cha chini kikakatika kwa uzito wake na kuacha ncha kali. Ncha hiyo huingizwa katika ombwe na kupashwa moto unaozidi kelvini 2,000 ili oksidi itoke, hata ikiwa moto huo huinyang'anya sehemu ya ukali wake. Kisha hupakwa matabaka machache ya atomi za chuma na kupashwa tena, safari hii kwa joto la wastani, ili utando utulie.

Chuma, hata hivyo, kina kasoro ya tabia: kwa kuwa ni sumaku, hutandaza nguvu zake nje, na ncha iliyokusudiwa kuisoma sampuli huweza kuisukuma na kuibadilisha. Mwaka 2002 André Kubetzka na wenzake walionyesha faida ya kuipaka ncha kromi badala ya chuma. Kromi ni antiferomagneti, maada ambayo sumaku za atomi jirani hukinzana hata zikafutana, kwa hiyo ncha haina nguvu ya kuisumbua sampuli, ingawa atomi yake ya mwisho bado ina mwelekeo wake.

Mwelekeo huo hauonekani, na ndipo ufundi wa kujaribu ulipolazimika kukua sambamba na ule wa kuandaa. Sampuli iliyopendwa ni vijistari vya chuma vyenye unene wa atomi mbili, vilivyooteshwa juu ya fuwele ya wolframi, ambamo sehemu zenye sumaku ya kuelekea juu hupishana na zile za kuelekea chini. Sehemu hizo zikipishana kwa weupe na weusi, ncha inahisi usumaku wa wima. Ikiwa mipaka baina yao pekee ndiyo inayong'aa au kufifia, ncha inahisi usumaku wa ulalo. Ncha isiyoonyesha lolote hupigwa mshtuko mfupi wa volti ili atomi zake za mbele zijipange upya, kisha hujaribiwa tena, na shughuli hiyo huweza kumaliza siku nzima.

Hata hivyo, kipimo nacho huweza kusomwa vibaya. Mwaka 2000 tabaka moja la manganizi juu ya wolframi lilisifika kwa kuonyesha, atomi kwa atomi, safu za sumaku zilizokinzana. Mwaka 2007 ilibainika kwamba safu jirani hazikinzani sawasawa, bali hutofautiana kwa takriban digrii 173, hivyo mpangilio mzima hujizungusha polepole. Katika picha, mistari hufifia kila baada ya nanomita 6 hivi, na kufifia huko kungeweza kudhaniwa kuwa mahali pasipo na usumaku. Watafiti waliliondoa shaka hilo kwa kurejea kwenye ncha ya chuma, ambayo sumaku yake hugeuka ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku wa nje: uga ulipoongezwa, sehemu zilizokuwa zimefifia zikapata mistari, na zilizokuwa na mistari zikafifia.