Mumosho chini ya Obiti: Historia ya Kuchora Njia za Setilaiti katika Sumaku ya Dunia

Setilaiti inayozunguka Dunia huwa na mahali pawili kwa wakati mmoja. Pa kwanza ni pa jiografia: latitudo, longitudo na kimo chake kutoka usawa wa bahari. Pa pili ni pa sumaku: mstari upi wa nguvu ya sumaku inaoukata, na mstari huo unagusa ardhi wapi, kaskazini na kusini. Anayetaka kujua picha imepigwa juu ya mji gani anatosheka na pa kwanza. Anayechunguza chembe zenye chaji ya umeme zilizojaa anga za juu hawezi kutosheka napo, kwa kuwa chembe hizo hazijui mipaka ya nchi wala mabara, zinatii sumaku. Programu za kompyuta zinazoonyesha mahali hapo pawili katika picha moja zina historia ya zaidi ya miaka sitini. Sehemu muhimu ya historia hiyo ilipita juu ya ukanda wa ikweta wa Afrika, kuanzia ghuba ya Ngwana katika pwani ya Kenya hadi vilima vya Mumosho, kusini ya Bukavu.

Mumosho iko katika eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, mahali ambapo vilima vinashuka kuelekea mto Ruzizi. Kwa jiografia iko kusini ya ikweta kwa nyuzi zisizofika 3. Kwa sumaku hali ni nyingine. Ikweta ya sumaku, yaani mahali ambapo sindano ya sumaku iliyoachwa huru hulala sambamba na ardhi, haipiti Kisangani wala Kampala. Katika upande huu wa Afrika inapita karibu na latitudo 10 kaskazini, ikikata Ethiopia na Sudan Kusini. Hivyo Mumosho, kwa hesabu za sumaku, iko mbali zaidi kusini kuliko ramani ya kawaida inavyoonyesha. Mstari wa sumaku unaotoka katika ardhi yake unapanda ukielekea kaskazini, unafika kilele chake kwenye kimo cha kati ya kilomita 300 na 400, kisha unashuka na kugusa ardhi katika jangwa la Sahara, sehemu za mpaka wa Sudan na Misri. Elektroni au protoni inayonaswa na mstari wa sumaku hujizungusha kuufuata kama maharage ya kupanda yanavyojizungusha kwenye kijiti chake. Ikifika mahali ambapo sumaku ni kali zaidi, hugeuka na kurudi ilikotoka.

Uchunguzi wa anga za juu katika Kivu ulitangulia setilaiti. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi wa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, upande wa magharibi wa ziwa Kivu. Pamoja na masomo ya wanyama, mimea, lishe na matetemeko ya ardhi, Lwiro iliwekwa mitambo ya kupima ionosfia, tabaka la hewa lililopasuliwa na mwanga wa jua na kuwa na chaji ya umeme. Mtambo wa namna hiyo unarusha mawimbi ya redio moja kwa moja juu na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Kutokana na muda huo, kimo cha tabaka kinajulikana. Vipimo vya Lwiro vilikuwa na thamani ya pekee, kwa sababu karibu na ikweta ya sumaku ionosfia haifanyi kama inavyofanya Ulaya. Mchana umeme wa angani huinua elektroni juu ya ikweta hiyo, nazo humwagika pande mbili, kusini na kaskazini, zikifuata mistari ya sumaku. Kivu inakaa ndani ya eneo linaloguswa na mmiminiko wa upande wa kusini. Hali hiyo ndiyo inayovuruga mawasiliano ya redio usiku, na leo inaathiri pia vifaa vya GPS.

Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia ulianza Julai 1957 na kumalizika Desemba 1958. Ndani ya kipindi hicho, tarehe 4 Oktoba 1957, Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na mwishoni mwa Januari 1958 Marekani ikarusha Explorer 1. Kipimo cha mionzi ndani ya Explorer 1, kilichotengenezwa na James Van Allen na wenzake wa Iowa, kilileta matokeo ya kushangaza: katika sehemu fulani za obiti kilinyamaza kabisa. Kilikuwa kimezidiwa na wingi wa chembe. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa mikanda ya mionzi inayozunguka Dunia, ambayo ina jina la Van Allen hadi leo.

Ugunduzi huo ulizaa tatizo la kuchora. Data zilipopangwa kwa latitudo, longitudo na kimo, zilitawanyika ovyo. Vipimo viwili vya kimo kimoja, kimoja kikitoka Brazili na kingine Asia, havikulingana hata kidogo. Mwaka 1961 Carl McIlwain, aliyekuwa mwanafunzi wa Van Allen, alitoa dawa ya tatizo hilo. Alipendekeza kila kipimo kitajwe kwa namba mbili: ukali wa sumaku mahali hapo, na namba aliyoiita L, ambayo kwa wepesi ni umbali wa kilele cha mstari wa sumaku kutoka kitovu cha Dunia, ukihesabiwa kwa nusukipenyo cha Dunia. Vipimo vilivyokuwa vimetawanyika vikajipanga mara moja. Kuipata L kwa mkono ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa mstari wa sumaku lazima ufuatwe hatua kwa hatua, kila hatua ikihitaji hesabu ndefu. Kwa hiyo iliandikwa programu, ikapewa jina INVAR, ikaendeshwa kwenye kompyuta kubwa za wakati ule kwa kadi zenye matundu. Haikuchora chochote, ilitoa safu za namba, na watu wakachora kwa kalamu. Hata hivyo ndiyo babu wa programu zote zilizofuata.

Wakati huohuo pwani ya Kenya ilikuwa inapata jukwaa la kurushia roketi. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitaka kurushia setilaiti karibu na ikweta, na akachagua ghuba ya Ngwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita, yalisimamishwa baharini. La kwanza lilikuwa la kurushia. La pili, lililokuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, lilifanywa chumba cha uongozi. Roketi zilikuwa za aina ya Scout kutoka Marekani. Faida ya mahali hapo inaeleweka kwa hesabu nyepesi: kwenye ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa mashariki inapewa kasi hiyo bure. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967.

Setilaiti iliyoipa Ngwana sifa ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazotoa eksirei, na mafanikio yake yalichangia kumpatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Obiti yake ilichaguliwa kwa sababu ya sumaku. Juu ya Atlantiki ya Kusini na Brazili sumaku ya Dunia ni dhaifu, na mikanda ya Van Allen inashuka chini kabisa. Setilaiti inayopita hapo inajaa kelele za chembe. Obiti iliyong'ang'ania ikweta kwa nyuzi 3 tu ililikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Mwaka mmoja baadaye ilikuja setilaiti ambayo haikukwepa chembe hizo bali ilizifuata. Explorer 45 iliondoka San Marco tarehe 15 Novemba 1971. Ilikuwa ndogo, yenye uzito wa kilo 52 hivi, na obiti yake ilikuwa ndefu upande mmoja: sehemu ya karibu kilomita mia mbili na kitu kutoka ardhini, sehemu ya mbali karibu kilomita 27,000. Mzunguko mmoja ulichukua chini kidogo ya saa nane. Kwa kuwa obiti iliinama kwa nyuzi zipatazo 3.6 tu, setilaiti haikutoka kamwe nje ya ukanda mwembamba wa kaskazini na kusini ya ikweta. Ukanda huo unaibeba Mumosho ndani yake. Kwa karibu miaka mitatu, hadi kazi ilipositishwa Septemba 1974, Explorer 45 ilipita mara kwa mara juu ya Bukavu, ziwa Kivu na bonde la Ruzizi, mara nyingi ikiwa maelfu ya kilomita juu.

Ilichotafuta ni mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Jua linapotema gesi yenye chaji na gesi hiyo kuifikia Dunia, protoni nyingi husukumwa ndani, nazo huzunguka Dunia kuelekea magharibi huku elektroni zikielekea mashariki. Matokeo yake ni mkondo mmoja mkubwa wenye umbo la pete. Sumaku ya mkondo huo inapingana na sumaku ya Dunia, na vituo vya karibu na ikweta huona nguvu ya sumaku ikipungua kwa saa nyingi. Watu wa ikweta hawaoni taa za rangi zinazowaka angani kule Norwei au Kanada. Dhoruba inawafikia kwa njia hii isiyoonekana kwa macho. Explorer 45 haikungoja muda mrefu: katikati ya Desemba 1971, mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, dhoruba kubwa ilitokea. Mtaalamu wa mradi, Robert Hoffman wa kituo cha Goddard cha NASA, pamoja na mwenzake Smith, walichapisha mwaka 1973 maelezo ya jinsi chembe za mkondo huo zilivyopangika.

Hapa ndipo mchoro ulipoonyesha thamani yake. Hoffman na Smith walipoweka nishati ya chembe kwenye mhimili mmoja na L kwenye mwingine, umbo la pua lilijitokeza: chembe za nishati ya kati zilikuwa zimepenya ndani zaidi kuliko zile za nishati kubwa na ndogo. Orodha ya namba zilezile, ikipangwa kwa saa na dakika peke yake, isingeonyesha kwa uwazi huo kwamba chembe zinachujwa kwa nishati zinapoingia. Vyombo vya Explorer 45 vilikuwa na upungufu mmoja: havikuweza kutenganisha protoni na ioni za oksijeni. Swali hilo lilijibiwa na mradi wa AMPTE, uliorushwa mwaka 1984 na kupima aina za chembe moja kwa moja.

Kufikia hapo setilaiti za kisayansi zilikuwa nyingi, na mataifa yalihitaji kujua mapema ni lini setilaiti mbili zitakuwa kwenye mstari mmoja wa sumaku, au lini setilaiti itapita juu ya mstari unaogusa kituo fulani cha ardhini. Kwa ajili ya utafiti wa kimataifa wa uga wa sumaku wa Dunia wa miaka 1976 hadi 1979, Goddard ilianzishiwa kituo cha kutabiri mahali pa setilaiti. Utabiri ulichapishwa kwenye karatasi na kutumwa kwa posta. Baadaye huduma hiyo ilihamia kwenye intaneti, ikajulikana kwa jina la SSCWeb, na ikaongezewa programu ya TIPSOD, inayochora obiti katika vipimo vitatu na hata kuzigeuza data kuwa sauti.

Kazi ya programu hizo inaanzia kwenye obiti yenyewe, inayoipa setilaiti mahali pake kwa kila dakika. Mahali hapo hubadilishwa kutoka mfumo unaozunguka na Dunia kwenda mfumo unaolielekea Jua, kwa kuwa upepo wa Jua ndio unaoibana sumaku upande wa mchana hadi umbali wa nusukipenyo kama 10, na kuivuta upande wa usiku kuwa mkia mrefu unaovuka obiti ya Mwezi. Sumaku ya ndani ya Dunia hukadiriwa kwa modeli ya kimataifa ya IGRF. Ya nje, mara nyingi, kwa modeli za Nikolai Tsyganenko, zilizoanza kutolewa miaka ya 1980. Mstari kisha hufuatwa kwa hatua fupifupi mpaka uguse ardhi. Kompyuta ndogo ya mezani inamaliza kwa kupepesa jicho kazi iliyoishughulisha kompyuta kubwa ya siku za McIlwain.

San Marco ilirusha setilaiti yake ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, na kituo cha Malindi kimebaki na kazi ya kufuatilia setilaiti na kupokea data. Setilaiti mbili za Van Allen Probes, zilizorushwa kutoka Florida Agosti 2012, zilirudia kwa vyombo bora obiti inayofanana sana na ile ya Explorer 45. Tangu Novemba 2013 setilaiti tatu za Swarm za Ulaya zinapima sumaku kutoka kimo cha chini. Lwiro nayo ingali kituo cha utafiti, chini ya jina la CRSN.

Picha za programu hizi zinapendeza macho kiasi cha kumsahaulisha mtazamaji kwamba mistari yake ni makadirio. Sumaku ya Dunia inabadilika kila mwaka, na ndiyo maana IGRF hurekebishwa kila baada ya miaka 5 kwa kutumia setilaiti pamoja na vituo vya ardhini. Vituo hivyo vimejaa Ulaya na ni vichache katikati ya Afrika, hivyo mstari unaochorwa juu ya Mumosho una vipimo vichache vya jirani vya kuusahihisha kuliko ule unaochorwa juu ya Brussels. Toleo la 14 la IGRF lilitoka mwishoni mwa 2024 na litatumika hadi 2030. Vipimo vitakavyoingia katika toleo litakalofuata vinakusanywa katika miaka hii.