Kumbi za Burudani za Dumfries

Dumfries ni mji wa kusini-magharibi mwa Uskoti, kando ya mto Nith. Si mji mkubwa, lakini una Theatre Royal, ukumbi wa maigizo uliofunguliwa tarehe 29 Septemba 1792, unaotajwa kuwa mkongwe kuliko kumbi zote za aina yake zinazotumika hadi leo nchini humo.

Ulijengwa kwa michango ya wenyeji, baada ya kundi la waigizaji la George Sutherland kujipatia wapenzi mjini. Mmoja wao alikuwa mshairi Robert Burns, aliyeliandikia kundi hilo shairi la kufungulia onyesho la Mwaka Mpya wa 1790. Mwaka 1791 Burns alihamia mjini akiwa ofisa wa ushuru, yaani mtumishi wa mfalme, na utumishi huo nusura umponze ndani ya ukumbi mpya. Msimu wa vuli wa 1792, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamewatia hofu watawala wa Uingereza, sehemu ya watazamaji ilipaza sauti kutaka upigwe Ça ira, wimbo wa wanamapinduzi. Burns alikuwa ameketi katikati ya watazamaji wa chini, palepale kelele zilipoanzia. Uaminifu wake ukatiliwa shaka kazini, na Januari 1793 ilimbidi amwandikie Robert Graham wa Fintry, kamishna wa ushuru, akijitetea kwamba hakushiriki wala hakufungua kinywa. Kazi hakunyang'anywa. Mnamo Novemba 1792 mwigizaji Louisa Fontenelle alikuwa amelitamka jukwaani shairi la Burns kuhusu haki za wanawake, usiku ambao mapato ya mlangoni yalikuwa ya mwigizaji huyo. Katika historia yote ya ukumbi huu, hakuna kipindi kinachoonyesha wazi kuliko miezi hiyo jinsi jukwaa la mji mdogo lilivyobeba siasa za dunia.

Mwaka 1876 ukumbi ulifanyiwa ukarabati mkubwa na C. J. Phipps, msanifu mashuhuri wa majumba ya maigizo. Miaka hiyo J. M. Barrie, ambaye baadaye alimbuni Peter Pan, alikuwa mwanafunzi wa Dumfries Academy. Alipenda kiti cha pembeni kabisa, safu ya mbele, kwa kuwa hapo aliweza kuchungulia nyuma ya mapazia na kuona waigizaji wanafanya nini kabla ya kutokeza. Bustani ya nyumba ya Moat Brae, alikocheza michezo ya maharamia na rafiki zake, nayo imo katika historia ya sanaa ya mji.

Karne ya 20 ilianza vibaya. Mwaka 1909 jengo liligeuzwa uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, kisha mwaka 1911 likawa sinema, iliyofungwa mwaka 1954. Waliolikomboa ni Guild of Players, chama cha waigizaji wa ridhaa kilichoanzishwa mwaka 1913: walilinunua mwaka 1959 na kulifungua tena mwaka uliofuata. Jambo hili linastahili heshima, maana watu wasiolipwa kwa kuigiza walibeba mzigo ambao wafanyabiashara walikuwa wameutua. Baada ya ukarabati mwingine, lilifunguliwa upya mwaka 2015.

Filamu nazo zilipata makao ng'ambo ya pili ya Nith, katika kinu cha maji cha karne ya 18 kilichogeuzwa kituo cha kumbukumbu ya Burns.