Mashahidi Watatu, Kinywa Kimoja: Nasaba na Kumbukumbu Zinazopingana katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Makala haya yanachunguza tatizo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea katika miswada, lakini ambalo hawajalitazama vya kutosha katika makaratasi ya watu wa mjini: kumbukumbu zinazopingana kuhusu nasaba ya ukoo mmoja. Katika mitaa ya Eastlands, hasa Pumwani, kuuliza nani alikuwa mtoto wa nani si udadisi mtupu. Nyumba za Majengo zilijengwa na watu binafsi juu ya ardhi ya baraza la mji, na madai ya kuzirithi yametegemea majina yaliyoandikwa katika karatasi chache ambazo aghalabu hazisemi neno moja. Desturi ya wengi ni kuzihesabu: zilizo nyingi zikiafikiana, hizo ndizo za kweli. Sisi tunadai kuwa hesabu hiyo haina msingi mpaka ijulikane kwanza karatasi ipi imeizaa ipi.

Msomaji wa Habari za Pate anaujua mtego huu. Tarihi hiyo ilitufikia kupitia kwa Stigand (1913), Werner (1914–15), Heepe (1928) na wengineo, na Tolmacheva alizikusanya nakala zake mwaka 1993. Ukizisoma kwa pamoja utadhani umewapata mashahidi kadhaa wa utawala wa Wanabahani ulioanza mwanzoni mwa karne ya 13. Lakini nakala hizo kwa sehemu kubwa zinarejea kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini. Chittick alipoihoji tarehe hiyo mwaka 1969, nguvu ya hoja yake ilitokana na ushahidi usiotoka katika kinywa hicho, yaani akiolojia na maandishi ya Wareno. Baadaye Wilson na Omar (1997) walionyesha kuwa mji wa Pate ni wa kale kuliko alivyodhani Chittick; hata hivyo, ukongwe wa mji si ukongwe wa nasaba ya watawala wake.

Tuugeukie basi mfano wa Pumwani, ambao tumeubuni kwa ajili ya hoja hii, ingawa kila sehemu yake ni ya kawaida huko. Bibi mmoja mwenye nyumba aliacha mtoto wa kiume na wa kike. Kipande cha mwana, cha miaka ya 1930, kinamtaja kuwa Mkikuyu wa Kiambu. Barua ya mwajiri wake na kitambulisho chake cha baada ya uhuru vinasema vivyo hivyo. Hati ya ndoa ya dada yake, iliyotolewa na kadhi, inamwita binti Abdallah, mzaliwa wa Pangani. Karatasi ya nyumba nayo inamwita mama yao binti Abdallah, Mswahili kutoka Mombasa. Je, hawa ni ukoo mmoja?

Tuanze na zile karatasi tatu zinazoafikiana. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kabila, na karani hakuruhusiwa kuiacha nafasi hiyo wazi. Mwajiri alinakili kutoka kwenye kipande, na ofisi ya vitambulisho ikanakili zilizotangulia. Kwa lugha ya wahakiki wa miswada, tuna asili moja na nakala mbili.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu zaidi. Pangani ni mji wa pwani ya Tanzania, lakini pia ni kijiji cha Waafrika cha Nairobi kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Mombasa ni Mombasa, lakini miongoni mwa vijiji vya awali vya Nairobi, kabla ya Pumwani kuanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, palikuwa na kimoja kilichoitwa Mombasa. Kaloleni iko Kilifi na iko Nairobi. Kariokor na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimetokana na jina la Kikosi cha Wapagazi cha vita vile vile. Mtafiti anayeufuata ukoo huu hadi pwani, pengine kwa gharama kubwa, huenda anautafuta mbali na mahali ulipokaa maili moja tu kutoka Majengo.

Na huyu Abdallah ni nani? Msomaji wa haraka atasema mama na binti walizaliwa na baba mmoja! Aliyesilimu hali baba yake si Mwislamu aliweza kuandikwa bin au binti Abdallah, yaani mtoto wa mja wa Mungu. Jina hilo linaeleza kuingia katika dini, halithibitishi uzazi. Kadhalika neno “Mswahili” lipimwe kwa tarehe ya karatasi. Likiandikwa mwaka 1935 lina uzito mmoja; likiandikwa baada ya Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipowakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi kwa maelfu, mtu alikuwa na sababu nyingine ya kulichagua.

Wanawake hawakubeba kipande, na vitambulisho vya taifa havikuwahusu hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Historia yao imo katika hati za nyumba, kwa kadhi, na vinywani. Bujra (1975) na White (1990) wameonyesha kuwa baadhi ya wanawake wenye nyumba Pumwani walijichagulia warithi wa kike wasiowazaa. Hapa ndipo penye uzito wa jambo: katika sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaa, anaweza kuachiwa kwa wasia usiozidi theluthi moja.

Tuseme uzao wa binti, ambao haukuwahi kukiona kipande cha mjomba wao, unasimulia kuwa bibi alikuja mjini kwa njaa ya Ruraya, ile ya 1898–99 iliyowaangamiza watu wa Kiambu. Huyo ni shahidi wa pili wa kweli, ijapokuwa Vansina (1985) anatuonya kuwa maandishi nayo hurudi yakaingia katika masimulizi. Asili ya mama tunaweza kuikubali kwa kiasi. Ya binti bado. Itategemea daftari la kadhi, pale lilipoandikwa jina la walii aliyemwozesha: ndugu wa kiume akitajwa, nasaba ina mguu wa kusimamia, kadhi akiwa ndiye walii, maana yake ni kuwa siku ile hakuonekana Mwislamu wa upande wa baba wa kumwozesha.